Kidonda cha Siku Kumi na Nne

Jumatatu, 10 Februari 2003

Hayat, mke wangu,

Kitabu cha tisa cha masomo yangu ya uuguzi kwa posta kimefika. Nilikichukua mwenyewe bandarini, kwenye meli ya mizigo iliyotoka Kigoma. Kilikuwa kimebanwa kati ya magunia ya chumvi. Kinanuka chumvi na mazutu, dizeli ya meli. Sasa vimebaki viwili tu, hiki na cha kumi, kisha mtihani wa Juni, kisha mimi si A3 tena, si msaidizi tu. A2! Muuguzi kamili! Najua ungesema nisifurahi mapema. Nimefurahi kidogo tu.

Kitabu kinataka kitu kimoja. Kidonda. Kidonda kimoja cha mgonjwa mmoja. Nikioshe na kukifunga kila siku, tangu siku ya kwanza hadi kitakapofunga, siku zisizopungua kumi na nne. Nikipime kwa milimita. Nikichore. Mwisho mgonjwa atie sahihi, na muuguzi wa A2 atie sahihi. Zahanati yetu ina A2 mmoja, Madamu Pascaline, na yeye hasaini asichokiona kwa macho.

Kitabu kirudi kwa meli ya Jumamosi tarehe mosi Machi. Nikichelewa, nasubiri mwaka mzima.

Na kuna Epiphanie. Wewe hukumjua, alikuja baada yako. A3 kama mimi. Anasoma chuo kilekile cha posta, na majibu yake huandika kwa rangi mbili. Naye amepata cha tisa leo. Naye anataka kidonda.

Vidonda havitoshi. Ni ajabu kusema hivyo katika mji huu, lakini ndivyo. Waliopigwa risasi hupelekwa hospitali kubwa moja kwa moja. Sisi wa Buyenzi tunabaki na malaria, kikohozi na minyoo.

Nimepata wazo. Keshokutwa ni Idi ya kuchinja. Visu vikali vitakuwa mikononi mwa mafundi magari na wauza vitambaa. Mwaka jana walijikata watu sita. Nimeomba zamu ya Idi. Epiphanie ni Mkatoliki, hilo hatalifikiria.

Jumatano, 12 Februari

Alilifikiria.

Nilitoka kuswali, nikavaa koti jeupe juu ya kanzu, nikafika zahanati saa mbili na nusu. Epiphanie alikuwa ameshakaa kwenye benchi la mlangoni, rula mfukoni. Akasema amejitolea ili sisi Waislamu tupumzike na sikukuu yetu. Nikasema nami nimejitolea ili yeye asichoke peke yake. Tukakaa. Kila mtu aliyepita barabarani tulimtazama mikono na miguu. Mzee mmoja alituuliza kama tumepoteza kitu.

Saa nne, kitu! Ilias, fundi magari wa mtaa wa nne, yule mume wa Asiya. Alikuwa akichuna mbuzi, kisu kikateleza, kikang'oa ngozi ya muundi. Jeraha lenye umbo la jani, halishoneki. Zuri sana. Epiphanie akamshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Ilias akasema kwa sauti kubwa kwamba ana mguu mmoja tu wenye shida, sasa kwa nini anavutwa mikono.

Madamu Pascaline akatoka ndani. Akaamua mgonjwa achague mwenyewe.

"Mi nataka Massoudi," Ilias akasema. "Mukono yake haiumize mutu."

Milimita arobaini na mbili! Nilimfunga kama zawadi.

Adhuhuri akaingia Dalia, binti wa duka la vitambaa, ameungua mafuta ya sambusa kwenye mkono. Epiphanie akamchukua kabla hajakaa. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Mungu amegawa, Musiye Massoudi. Mimi amenipa moto."

Kuungua hukawia kupona. Hilo lilinikaa kichwani njia nzima.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya tatu. Thelathini na saba.

Nakwenda gereji kila saa nne. Ilias hukaa juu ya tairi, mguu juu ya betri ya gari iliyokufa. Mafundi wengine huacha kazi na kutazama. Wamempa jina, Mubunge, kwa sababu ana daktari wake. Anapenda sana jina hilo. Jana alikohoa ili nimpime na kifua.

Asiya huleta chai. Anaimimina kutoka juu, birika mbali na kikombe, bila kumwaga tone, kama ulivyokuwa ukifanya. Leo nilimwomba kikombe cha pili ingawa sikuwa na kiu.

Jumatatu, 17 Februari

Siku ya sita. Ishirini na tatu! Nilipima mara tatu. Nikageuza rula. Ishirini na tatu.

Nimepiga hesabu nyuma ya kitabu. Kwa mwendo huu kidonda kitafunga Jumamosi, siku ya kumi na moja. Kitabu kinasema zisipungue kumi na nne. Kipo safi, chekundu, hakina usaha hata chembe. Nimeharibu kila kitu kwa kukiosha vizuri.

Chanzo kingine nimekiona leo. Nyama. Nusu ya mbuzi wa Idi imebaki kwake, na Asiya anampa supu ya maini asubuhi na jioni. Nikamshauri Asiya, kwa upole, kwamba mgonjwa wa mguu anafaa kula kidogo. Ugali na mboga. Maini yana joto.

Asiya akaweka mwiko chini. "Shemeji, unataka bwana yangu akauke? Nani alikufundisha hiyo uganga?"

 Akanipa bakuli la supu ili nione mwenyewe kama ina joto. Nilikula lote. Ni supu nzuri.

Jumatano, 19 Februari

Siku ya nane. Kumi na nne.

Jana jioni nilipanga kutokwenda. Ukiruka siku moja, kidonda hurudi nyuma. Lakini saa nne ilipofika leo miguu ilikwenda yenyewe, na mikono ikaosha yenyewe. Nilijaribu angalau kutumia maji machache. Nikatumia mengi.

Usinicheke. Unajua kwa nini.

Januari ile ya malaria watu walilala hadi barazani. Wewe pia ulilala barazani, kwa mkeka wetu wa kijani. Kwinini ya dripu ilikuwepo. Sindano ilikuwepo. Mimi nilikuwepo. A3 hafungui dripu bila A2, ndiyo kanuni ya zahanati, na Madamu Pascaline alikuwa amekwama Kamenge, askari wamefunga barabara tangu alfajiri. Nikasubiri, kwa sababu nimezoea kutii. Ulikwenda saa tano na nusu. Yeye alifika saa sita, amekuja kwa miguu, viatu mkononi. Hajawahi kulizungumza. Wala mimi.

Siandiki ili nilalamike. Naandika ili nisisahau kwa nini ninapima muundi wa Ilias kwa rula.

Alhamisi, 20 Februari

Mbinu mpya. Nilimwambia Ilias kwamba sasa anahitaji mazoezi. Aende kwa miguu hadi Gasenyi, arudi. Kidonda kitapata vumbi na jua, kitachelewa siku tatu, basi. Siku tatu tu!

Alikwenda. Alirudi anapiga mluzi. Huko Gasenyi alipata mteja mwenye lori bovu. Nikafungua bandeji. Milimita saba.

Usiku uliopita sikuwa nimesoma ukurasa wa thelathini na moja. Leo nimesoma. Unasema: kutembea hupeleka damu mguuni na kuharakisha kupona.

Epiphanie aliniuliza mbele ya wagonjwa kidonda changu kinaendeleaje. Nikasema vizuri. Akasema cha kwake pia, kinapungua polepole, kama kinachofuata kitabu.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya kumi na moja. Kimefunga.

Ilias alinikumbatia. Mafundi walipiga makofi kwa spana. Asiya alilia kidogo, akasema Mwenyezi Mungu aniongezee. Nikasema alhamdulillahi, kwa mdomo.

Nimefika nyumbani nikafikiri. Kitabu kinahitaji nambari tatu tu. Nani ataumia kwa nambari tatu? Nimeandika: siku ya kumi na mbili, milimita tatu. Ya kumi na tatu, milimita mbili. Ya kumi na nne, kimefunga. Na siku ya leo yenyewe nikaibadilisha ikawa milimita nne. Nikachora. Kidonda cha kuchora ni kizuri kuliko cha kweli.

Kwenye kikombe chako kilichovunjika mpini ndimo ninamoweka pini za bandeji. Kilikuwa mezani wakati naandika. Nilikihamishia dirishani.

Jumatatu, 24 Februari

Epiphanie analia nyuma ya stoo ya dawa.

Dalia alikwenda arusi Rumonge tangu juzi, akasema atarudi jana. Barabara ya Rumonge imefungwa, kumepigwa risasi, hakuna gari litakalopita wiki hii. Mgonjwa yupo salama, anacheza arusi na bandeji yake. Lakini kidonda kipo Rumonge na kitabu kipo Buyenzi. Siku kumi na moja zimepotea.

Nilifurahi kwa hatua kama nne. Ya tano nikaona aibu. Nikampelekea kitambaa. Akasema, "Nenda na kitambaa yako. We mwenzangu umekwisha faulu."

Jumanne, 25 Februari

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Saa tatu nilimpelekea Madamu Pascaline kitabu. Alisoma kurasa zote, polepole, akilamba kidole. Akafunga. Akachukua mwavuli wake. Akasema twende tukamwone huyu mgonjwa wa milimita.

Ilias alikuwa chini ya lori la Gasenyi. Tukamvuta kwa miguu. Madamu Pascaline akampandisha suruali, akapitisha kidole kwenye muundi, akaniuliza, "Massoudi, hiki ni kidonda ama ni kumbukumbu?"

 Nilitazama lori.

Ilias alitutazama sote wawili. Kisha akaelewa, na huyu mtu ana roho nzuri kuliko akili. "Kumbe ulikuwa unakihitaji! Si ungesema, ndugu yangu!" Akachomoa turnevisi, ile bisibisi ndefu aliyoinoa ili akwangulie kutu, akapandisha mguu kwenye tairi. "Ni milimita ngapi? Tatu? Apana ona haya. Mi niko na mguu mwingine tena."

Hakuwa anatania! Bisibisi ilikuwa tayari juu ya ngozi. Nikaruka, nikaidaka.

Niliidaka upande usiofaa. Ilichana kiganja cha mkono wa kulia, kutoka chini ya kidole cha shahada hadi katikati.

Madamu Pascaline akasema, "Haya, sasa tumekipata." Alinirudisha zahanati akiwa ameuinua mkono wangu juu njia nzima. Akanidunga ya pepopunda yeye mwenyewe, kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Kisha akachukua kalamu na rula, akafuta siku zangu tatu na ile nne ya Jumamosi, mstari mmoja kwa kila moja, ili bado zisomeke. Chini akaandika: Kilifunga siku ya kumi na moja. Nimekiona. Akasaini.

Epiphanie alikuwa mlangoni. Hakunitazama usoni. Aliutazama mkono, akatazama saa, akatoa rula. Thelathini na moja.

Ijumaa, 28 Februari

Meli haiondoki kesho. Hakuna mazutu bandarini. Itaondoka tarehe kumi na tano Machi.

Nilipiga hesabu palepale. Kuanzia kesho hadi tarehe kumi na nne ni siku kumi na nne kamili! Nikipata kidonda kipya kesho asubuhi, nimeokoka. Nikamwambia Madamu Pascaline. Akasema mwenye mkono ulio wazi hagusi kidonda cha mtu, hilo lipo kwenye kitabu cha pili. Ni kweli. Nilipata tisini kwenye kitabu cha pili.

Epiphanie naye alikuwa amepiga hesabu. Alikuja na viazi vitamu kwenye sahani iliyofunikwa. Akasema mkono wangu, ambao yeye ndiye aliyeuosha na kuufunga tangu Jumanne, leo una siku ya nne, na utatimiza kumi na nne tarehe kumi. Akasema anaomba uwe kidonda cha kitabu chake. Hakusema kwa rangi mbili. Alisema akiangalia sahani.

Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri kwa kiazi kimoja. Nikadai afanye zamu zangu za Jumapili hadi Pasaka. Alikubali haraka sana. Ningedai hadi Krismasi.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya tisa. Kumi na sita.

Nakiri jambo. Nimekuwa nikienda kwa Asiya kunywa supu ya maini asubuhi na jioni, maini nikinunua mwenyewe. Kama ilimponya Ilias kwa siku kumi na moja, itaniponya mimi kwa siku kumi na mbili, na Epiphanie atapungukiwa na mbili, kama mimi nilivyopungukiwa na tatu. Ni haki. Natembea pia hadi Gasenyi, ingawa ukurasa wa thelathini na moja unahusu miguu. Natembea nikipunga mkono. Watu wa Gasenyi wananijibu.

Epiphanie anapoosha haongei. Anaushika mkono kutoka chini, kama mtu anayeshika maji. Dakika kumi kila siku, saa nne. Tangu ulipokwenda hakuna aliyeushika mkono wangu dakika kumi. Juzi aliuliza kama nina mke. Nikamweleza yale ya barazani, yote, na saa.  Kisha akasema anasoma kwa sababu mama yake aliuliza kabla ya kufa kama yule aliyekuwa akimhudumia ni muuguzi kweli au ni msaidizi tu.

Jioni nilikwenda kwa Asiya nikamwambia leo nimeshiba. Kisha nikanywa nusu bakuli, ili nisimvunje moyo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kumi na nne. Kimefunga leo, leo hasa, saa nne na robo. Supu ya mbuzi mzima haikusogeza hata siku moja! Mwili wangu unamsomea mwingine kalenda.

Nikatia sahihi. Kwenye nafasi ya maelezo ya muuguzi Epiphanie aliandika kwa bluu: Mgonjwa alikuwa mtulivu. Kwa nyekundu: alikula vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Nimevipeleka vitabu vyote viwili bandarini, bahasha moja. Chake kina siku kumi na nne. Changu kina kumi na moja na mistari minne ya aibu.

Lakini sikukaa bure. Jana nilikwenda ufukweni Kajaga nikachukua ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokauka vizuri, mfuko mzima, nikaufunga pamoja na bahasha. Zawadi ndogo kwa msahihishaji. Mtu aliyeshiba hahesabu siku.

Gélase, mpakiaji wa mizigo, alisoma jina la bandari kwenye mfuko. Akauweka chini. Akacheka hadi akakaa juu ya gunia.

"Ndagala kwa Kigoma? Muganga, basi peleka na maji, ziwa yao isikauke!"

Nilikuwa nimeshafunga mafundo. Ukaenda hivyohivyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Majibu!

Wiki mbili hizi mabomu yameanguka mjini na meli ilikaa nje siku mbili ikiogopa kutia nanga. Leo imeingia. Nilifungua bahasha palepale bandarini, nimesimama.

Epiphanie, themanini na nane kwa mia. Mimi, hamsini na mbili. Kupita ni hamsini. Nimepita!

Msahihishaji ameandika chini: Kidonda kilichofunga mapema si kosa la muuguzi, ni sifa yake. Zile nambari zilizofutwa tumeziona. Zimekupunguzia arobaini. Usirudie. Na samaki tunao.

Nilimsomea Epiphanie. Alifurahi kwa dhati, akanishika kile kiganja akakigeuza kuona kovu. Madamu Pascaline akasema natumaini umejifunza, Massoudi. Nikasema sana, Madamu. Na ni kweli. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Kile kilikuwa kidonda.

Kitabu cha kumi, tulicholetewa sote wawili kwa meli hiihii, ni cha kuzalisha. Niwe na mama tangu uchungu wa kwanza hadi mtoto anyonye, A2 akiwepo na kuona. Kitabu kirudi kwa meli ya tarehe ishirini na nne Mei. Madamu Pascaline yupo Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa tisa. Safari hii sitaacha jambo lijiendee lenyewe.

Jioni hii nimekwenda kwa Spès, muuza maparachichi wa kona, ambaye anatarajia katikati ya Mei. Nikamweleza kwa heshima. Jumanne tarehe kumi na tatu ingefaa zaidi, saa tatu asubuhi. Jumatano pia si mbaya. Asubuhi mapema, Jumamosi na Jumapili ajizuie. Nimemwachia ratiba nzuri, kwa rangi mbili. Alinitazama muda mrefu, akashika tumbo, akasema atamwuliza mwenyewe. Nimechukua hilo kuwa ndiyo.

Epiphanie bado sijamwambia. Naye ameanza kununua maparachichi.

Nalala sasa. Huko uliko, Hayat, unikumbuke.

Massoudi wako